Dorkasi Anatafuta Mwenyeji

Pale Karatu, lami inapoanza kupanda kuelekea geti la Ngorongoro, kuna tuta lisilojali cheo cha mtu. Landkruza za watalii hulinyenyekea, malori ya vitunguu kutoka Mang'ola hulinyenyekea, na kuna mkubwa mmoja aliwahi kuliachia bampa zima kama sadaka. Kando ya tuta pana benchi refu la mbao za mkaratusi, na mbele ya benchi pana jiko la mkaa na birika la Dorkasi. Wajumbe wa benchi wamepabatiza mahali hapo Geti Dogo, kwa hoja kwamba hakuna anayeingia kreta bila kukaguliwa nao kwanza. Asubuhi hiyo ya mwezi wa saba ukungu ulikuwa umeshuka mpaka vikombeni, baridi inauma masikio, lakini wajumbe wote walikuwa wamewahi, maana habari ilikuwa imeshasambaa: Kahawa anaitwa Arusha.

Kahawa ndilo jina la Dorkasi la benchini. Pale haitwi mtu kama alivyobatizwa. Mzee Melkizedek, aliyeendesha watalii mpaka magoti yakakataa klachi, ni Redio Koli, na mpaka leo akimaliza kusema lazima aseme "ova", kama bado yuko kwenye redio ya gari. Thomasi fundi pancha ni Presha. Germana, mkulima wa vitunguu, ni Mama Gunia. Ngoyai peke yake, mfugaji Mmaasai wa Kakesio anayeleta ng'ombe mnadani, alikataa kubandikwa. Alisema jina alilopewa na baba yake bado halijachakaa.

Na mwisho kabisa wa benchi, upande unaopata moshi, alikaa yule kijana wa begi la kompyuta. Alianza kuja vitunguu vilipoanza kung'olewa. Siku ya kwanza aliuliza malori yanayopakia Mang'ola ni mangapi na ni ya nani, benchi zima likanyamaza. Mtu anayeuliza malori ni ya nani anatafuta nini kama si kodi? Tangu siku hiyo akawa Bwana Kodi, kwa kunong'ona, naye hakuuliza tena. Hunywa vikombe viwili vya kahawa ya tangawizi bila kashata, hushukuru, huondoka. Leo alikuwa na begi la nguo pia, nalo hakuna aliyelijali.

– Hebu soma tena, Kahawa, alisema Redio Koli. Polepole, kuna wenye masikio ya baridi. Ova.

Dorkasi alijifuta mikono kwenye khanga, akafungua simu. Ujumbe ulikuwa umetoka kwenye nyumba moja ya Arusha ambako vijana wenye kampuni changa hukusanyika, wenyewe huziita startapu. Alisoma kwa sauti: amechaguliwa kuja Ijumaa kueleza kazi yake ya malori mbele ya wawekezaji. Kila mgeni aje na mwenyeji, yaani mtu aliyekwisha kuwa miongoni mwao, atakayesimama kumtambulisha. Asiye na mwenyeji, nafasi yake atapewa mwingine.

– Mbele ya wawekezaji! Presha alishika kichwa. Kahawa wetu huyu! Aliyenimiminia jana akanirushia chenji kwa hasira!

– Ulikuwa unanichelewesha, kaka Presha.

– Nakuheshimu kuanzia leo. Niongezee kimoja.

Kazi yenyewe Dorkasi aliifanya hapo hapo jikoni, birika mkono huu na simu mkono ule. Alisoma kompyuta chuo cha mjini hapo hapo, akakosa ajira, akaja kumimina kahawa. Akawa anaona jambo lile lile kila siku: malori yanakuja na saruji na soda kutoka Arusha, yakishashusha yanarudi bodi tupu inagonga, na huku Mang'ola vitunguu vya watu vinaozea kando ya njia kwa kukosa usafiri. Akatengeneza mtambo mdogo wa kwenye simu, akauita Lisirudi Tupu. Dereva anaandika anarudi lini, mkulima anaandika mzigo wake uko wapi, wanakutana. Msimu huo hakuna kitunguu cha Mama Gunia kilichooza, na mama wa watu akawa hapiti Geti Dogo bila kumnunulia mtu kikombe, akisema ni shukrani yake kwa Mungu.

Benchi lilijua kwamba Dorkasi amewahi kuingia kwenye ile nyumba mara moja, mwezi wa tano, siku ilipofunguliwa kwa watu wote. Aliporudi walimuuliza palikuwaje, akajibu, "Pakubwa." Wakaridhika, wakapakuza zaidi wenyewe. Hakuwaambia kwamba alisimama ukutani siku nzima na glasi ya juisi mpaka juisi ikapata joto la mkono, watu wanapita wakicheka na wenzao, na aliporudi na noah ya abiria ya jioni alikuwa hajafungua mdomo ila kwa konda. Sasa anaambiwa aje na mwenyeji. Ijumaa ilikuwa kesho kutwa. Kama hana mtu, basi la alfajiri ya kesho halikuwa na maana kulipanda, na Lisirudi Tupu ingebaki hapo hapo kwenye moshi wa jiko. Aliogopa, na alikuwa anamimina kahawa nje ya vikombe.

– Ile dunia naijua mimi, alisema Redio Koli akinyoosha magoti. Niliwahi kubeba mgeni wa huko. Kijana, kaptula imechanika, ndala mguuni. Nikamwonea huruma, nikampa ndizi yangu ya mchana. Kumbe ana kampuni kubwa kuliko hoteli zote hizi za pembeni ya kreta. Na kampuni yenyewe haina duka, haina stoo, haina hata mlango. Ova.

– Sasa inakaa wapi? aliuliza Mama Gunia.

– Hewani.

– Hewani! Mama Gunia alitazama juu kwenye ukungu. Na panya hawaingii?

– Panya waingie wapi, mama, na mlango hakuna?

Benchi likaiwazia stoo isiyoingia panya. Hata Ngoyai aliacha kutafuna kashata.

– Na ikikua sana, aliendelea Redio Koli, wanaipa jina la mnyama mwenye pembe moja. Hiyo ndiyo heshima ya mwisho. Watu wanakufa wakiitafuta.

– Pembe moja? Ngoyai aliguna. Faru wetu pale chini wana mbili.

– Wana mbili! alikubali Presha.

– Basi tunawazidi, alisema Ngoyai, na akarudia kashata yake.

– Tatizo si pembe, alisema Presha. Tatizo ni mwenyeji. Kahawa, sikiliza. Kule mtu hajulikani kwa kichwa, anajulikana kwa begi. Tafuta begi la mgongoni, jeusi. Ukifika, kaa, toa laptopu, kunja uso kama umeachiwa msiba, halafu inama. Usiinue kichwa. Wahenga walishasema, mtaka cha uvunguni sharti ainame. Wakikuona umeinama wanajua huyu ana kitu, wanakuja wenyewe.

Dorkasi alichochea makaa. Mwezi wa tano aliinamia simu yake mpaka shingo ikauma.

– Wewe nawe, begi, alisema Mama Gunia. Mtoto wa kike akainame inamie mjini! Kahawa, mwanangu, tafuta matajiri hao wanasali wapi. Ingia kwaya, sauti ya pili. Mtu mliyeimba naye hawezi kukunyima kukusimamia. Mpaka Pasaka una wenyeji wa kuchagua.

– Ni Ijumaa hii, mama.

– Basi uimbe kwa nguvu.

– Mama, aliingilia Redio Koli, wale hawahitaji kwaya. Wana watu wao wanaitwa malaika. Sikudanganyi. Mtu ana hela zake, anakutana na kijana asiye na chochote, ana wazo tu, anampa. Ndiyo kazi yake, na cheo chake ndicho hicho, malaika. Ova.

Mama Gunia alisimama, kikombe mkononi. Alikaa. Akasimama tena.

– Arusha hii hii? Ya hapa chini?

– Hii hii.

– Na mimi nimepeleka vitunguu kule miaka yote, nawapita tu barabarani!

– Nenda na mbuzi, alisema Ngoyai.

Wote walimgeukia.

– Huyo malaika yuko ghorofani, bwana Ngoyai, alisema Presha. Wanapanda kwa lifti.

– Lifti ni nini?

– Chumba kinachopanda juu chenyewe.

– Basi hakuna shida. Mbuzi anapenda kupanda.

– Mbuzi! Kwenye nyumba ya vioo!

– Ndiyo hasa, alisema Ngoyai bila haraka. Mtu amesimama peke yake, watu wanampita. Mtu amesimama na mbuzi ndani ya nyumba ya vioo, nani atampita bila kuuliza? Atauliza mbuzi wa nani. Utasema wangu. Atauliza wewe ni nani. Utasema. Tayari mmeanza.

Dorkasi alicheka, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, kisha kicheko kikamkwama. Katika yote yaliyosemwa, la mbuzi ndilo lililokuwa na akili. Angekuwa na mbuzi mwezi ule wa tano, angalau wangemfukuza kwa jina.

– Msimharakishe, alisema Mama Gunia. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

– Nani amekwambia? Redio Koli aliwaka. Mimi nimeangalia simba maisha yangu yote. Anayeenda pole ni dume, anakwenda kulala. Anayekamata ni jike, na anatimua mbio mpaka unaona huruma. Niacheni niwaambie kitu. Siku yangu ya kwanza kreta nilizunguka na wageni mpaka saa ya kutoka, tumeona vumbi na kanga. Wenzangu redio zinaita: sharubu yuko mtoni, sharubu yuko mtoni. Sharubu ndiye simba, tulimficha jina wageni wasijue. Mimi sikujua masafa yao. Nikiona magari yamejaa mahali, nikikimbilia, sharubu ameshaondoka. Wageni wangu wakaanza kulala.

– Ukafanyaje, mzee? aliuliza Dorkasi. Hii hadithi alikuwa hajawahi kuisikia mpaka mwisho, huwa inakatwa na gari la pancha.

– Nikaona faru. Peke yangu, nyuma ya kichaka, ametulia kama jiwe. Nikasema nikae naye, awe wangu? Nikamfuata dereva mmoja mkongwe, nikamwambia, faru yuko pale. Akanitazama. Akaniambia, wewe unaitwa nani? Nikamwambia. Akanipa masafa hapo hapo. Ova.

Mama Gunia aliitikia kwa kichwa, kwa heshima. Lakini Presha alikuwa ameshaanza kutikisa mguu, na Presha akitikisa mguu, kuna jambo linakuja.

– Masafa! alipasuka. Aisee, ndiyo hiyo! Mmeviona vile vidude vyeupe wanavyoweka masikioni, vijana wa Arusha? Havina waya. Mnadhani wanasikiliza muziki?

– Wanasikiliza nini? aliuliza Mama Gunia.

– Redio koli yao! Mji mzima umeunganishwa, wazee! Huyu yuko Njiro, yule Sakina, yule Kijenge, wanaambiana masikioni: malaika yuko ghorofa ya pili, malaika yuko ghorofa ya pili! Wanakwenda. Sisi tunawaona wanatembea tu, kumbe wanawinda! Usione vyaelea!

– Yesu wangu, alisema Mama Gunia.

– Na mgeni akiingia, wanaambiana. Huyo hana kidude, mpiteni.

Redio Koli alivua kofia yake. Alikuwa ameishi na redio ndani ya gari miongo mingi, na hajawahi kuwaza kwamba mji unaweza kuivaa. Walikaa hapo wote wanne wakitazama barabara inayoteremka kuelekea Arusha, mji ule ule wanakonunua sabuni na spea, na kila mmoja aliuona mpya, umejaa sauti zinazopita juu ya vichwa vya watu wasiosikia kitu.

– Kumbe ndiyo maana hawakunisikia, alisema Dorkasi.

Lilimtoka. Alikuwa amesimama na birika, ameutazama mji na yeye, na neno likamponyoka.

– Nani hakukusikia? aliuliza Mama Gunia.

– Hakuna.

– Kahawa. Nani hakukusikia?

Akawaambia. Aliwaambia habari za ukuta, za juisi, za watu waliokuwa wakipita wakicheka na wenzao. Siku nzima nilikuwa pale, alisema, nimevaa gauni la kipaimara cha mdogo wangu, na hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Nikarudi. Nikawaambia pakubwa. Sina mwenyeji, mama, sijui hata mtu mmoja. Kesho siendi.

Ilikuwa aibu kubwa kuisema, naye aliisema akiangalia makaa.

Mama Gunia aliweka kikombe chini kwa kishindo.

– Watu gani hao! Mtoto wa mtu anakaa mbele yenu siku nzima, mnamtazama, hata jina hamumuulizi?

– Hawana malezi, alisema Presha.

– Kwetu, alisema Ngoyai, na safari hii alikuwa amekasirika kweli, mgeni hajaweka hata fimbo chini ameshaulizwa ilomon. Habari. Za alikotoka, za watoto, za mvua, za ng'ombe waliomnyima maziwa. Akimaliza yeye, na wewe unatoa zako. Bila ilomon huyo si mgeni. Ni mti umesimama.

– Na hapa Karatu ni hivyo hivyo, alisema Redio Koli. Hapa Geti Dogo amewahi kufika mtu tukamwacha kama kifurushi? Amewahi? Ova.

– Hajawahi!

– Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, alisema Presha. Sisi hata siku ya kwanza tunampa. Tunampa na...

– Samahanini, wazee wangu.

Sauti ilitoka kwenye moshi. Bwana Kodi alikuwa amesimama, begi la kompyuta mgongoni, la nguo mkononi. Benchi lilijikaza. Presha akakumbuka ghafla kwamba kibanda chake cha pancha hakina leseni, akaanza kukitazama kama cha mtu mwingine.

– Nasubiri noah, alisema yule kijana. Leo narudi, nimeshindwa nilichokuja kufanya. Shikamooni, na asanteni kwa kahawa. Ila kabla sijaenda naomba kuuliza kitu kidogo tu. Nimekaa hapa na ninyi msimu mzima wa vitunguu.

Akatazama benchi kuanzia mwanzo mpaka mwisho, bila ubaya wowote.

– Mimi naitwa nani?

Presha alifungua mdomo. "Bwana Ko," ikatoka, na iliyobaki akaimeza na kahawa. Mama Gunia alimtazama Redio Koli. Redio Koli alimtazama Ngoyai. Ngoyai aliinamisha kichwa, akaikata ardhi kwa ncha ya fimbo, mstari mmoja, kisha mwingine. Hata "ova" haikutoka kwa mtu.

Lakini aliyepigwa zaidi ni Dorkasi. Alimjua kijana huyu kwa viwili vya tangawizi. Alijua hali kashata, alijua hupuliza kikombe kabla ya kunywa, alijua hukaa upande wa moshi kwa sababu ndio upande alioachiwa. Kila asubuhi alimpa kikombe na kupokea asante yake, akapita. Ukuta wa Arusha alikuwa ameubeba mpaka hapa, akamsimamisha mtu mwingine kwenye huo huo.

– Unaitwa nani, kaka? aliuliza. Sauti ilikuwa ndogo.

– Inosenti.

– Umetoka wapi?

– Arusha. Kabla ya hapo Same. Kijana alisita, kisha akasema kama mtu anayeomba radhi: Natoka kwenye nyumba ile mnayoizungumza. Mimi ni mmoja wao. Nina wazo la mizigo na malori, nikaambiwa niende nikakae na wanaoyajua. Siku ya kwanza niliuliza vibaya, nikaona mmekasirika. Nikaogopa kuuliza tena. Mpaka leo, dada anasoma ule ujumbe, sikujua kwamba mtu wa malori niliyemfuata huku ndiye anayenimiminia.

Mama Gunia alijishika kifua. Presha alikuwa anamchungulia masikioni kutafuta kidude cheupe, na hakikuwepo. Kumbe huyo mtu wa ile dunia, mwenye masafa yote, alikuwa amekaa nao benchi moja, anakohoa moshi wao, na wao wamehangaika asubuhi nzima kuutafuta mlango wa kumfikia.

– Mwanangu, alisema Mama Gunia, mbona hukusema?

– Hamkuniuliza, mama.

Dorkasi alijifuta mikono tena kwenye khanga. Alijua hana haki ya kuomba, na basi lilikuwa ni kesho.

– Kaka Inosenti. Unaweza kunisimamia Ijumaa? Uwe mwenyeji wangu?

Inosenti alitabasamu kwa aibu.

– Nitasimama niseme namtambulisha nani? Msimu mzima nasikia wanakuita Kahawa, na mimi sikukuuliza. Nimekosa kama wao.

– Dorkasi, alisema. Naitwa Dorkasi.

– Mungu wangu, alinong'ona Presha, kumbe ni Dorkasi!

Noah ya Arusha ilifika kwenye tuta, ikanyenyekea, konda akatoa kiwiliwili chote dirishani. "Bro wa mabegi, twende! Siti ni yako, twende!" Inosenti aliangalia gari, akaangalia begi lake. Dorkasi aliinamisha birika kwenye kikombe safi, kahawa ikatoka kidogo, ikakatika. Ilikuwa ya mwisho. Akampa. Kisha akafanya kitu ambacho hakuna aliyewahi kumwona akifanya pale Geti Dogo. Alivuta kindoo, akakigeuza, akakaa chini mbele yake.

– Habari za utokako, kaka Inosenti, alisema. Anzia Same.

Ngoyai aliinua kichwa, akasogea kwenye benchi. Mama Gunia naye akasogea, na Presha, mpaka nafasi ikapatikana katikati, mbali na moshi. Inosenti akaweka begi chini, akakaa.

Konda alipiga bodi la gari. "Mnapanda au hampandi?"

Redio Koli alinyanyuka, magoti yakilalamika, akaenda hadi kwenye mlango wa noah, akaweka mkono juu ya paa kama alivyozoea kuwaaga wenzake getini.

– Nenda salama, konda, alisema. Huyu ni mgeni wetu, atashuka kesho na Dorkasi. Hatujamaliza kumuuliza habari. Ova.